Mtoto Aliyeniita Tajiri

Garsen nzima inaniita Tajiri. Si kejeli. Ni jina la kazi. Ukiwa umeandika watu kazi, asubuhi hawakusalimu kwa jina lako, wanasema, "Umeamkaje, Tajiri," na wateja wakisikia wanalichukua, na mwishowe hata imamu akikukuta barabarani anakuita hivyo hivyo. Mimi nililipenda. Nifiche nini, nililitolea jasho. Shule niliacha darasa la nne. Nilianza kwa kubeba maembe kwenye gunia kutoka mashamba ya Wenje hadi barabarani, nikapata baiskeli, nikauza maembe hayo mpaka Tarasaa, kisha nikaanza kuuza misumari kwa kupima, chini ya turubai, hapa hapa Garsen. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi lenye ghala nyuma yake, lori la mchanga, na pikapu yangu mwenyewe. Ukiingia mjini ukaona mabati yanang'aa, mengi yametoka kwangu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Ndivyo nilivyozoea kusema kwenye mikutano na kwenye harusi za watu.

Lakini jina hilo lilinifanyia jambo moja ambalo sikulitazamia, na ndilo lililonikalisha chini niandike, mimi ambaye kuandika kwangu ni risiti tu.

Nilioa nimechelewa. Wenzangu walikuwa wanaozesha, na mimi bado nasema ngoja nimalize ukuta, ngoja niweke vigae. Nikaoa, tukapata mtoto wa kike. Mtoto akiwa na miezi saba mama yake akaugua wiki mbili, tukamzika. Hapo sitaongeza neno. Nilibaki na nyumba ya vyumba vinne na mtoto ambaye hajajua hata kutambaa.

Watu walisema nitaoa kabla ya mvua. Sikuoa. Nilitafuta yaya, mama mmoja wa Kiorma, mtu mzima mwenye sauti ya chini, na kila asubuhi tulikwenda dukani sote watatu, kwa sababu nikiwaacha nyumbani moyo haukutulia. Mtoto alijifunza kutambaa katikati ya mikebe ya rangi. Alijifunza kusimama kwa kushika mabomba. Na maneno aliyaokota hapo hapo, kwa sikio lake, bila mtu kumfundisha. Maziwa aliyaita "anan," Kiorma cha yaya wake. Simiti aliiita "miti." Siku moja nimeinama chini ya kaunta natafuta kufuli, nikahisi suruali inavutwa. Nikasikia kutoka huko chini, "Tajii."

Wafanyakazi walicheka mpaka mmoja akatua mzigo. Mimi pia nilicheka. Nilimnyanyua nikamweka juu ya kaunta, nikamwambia aseme tena, akasema. Siku ile kila mteja aliyeingia nilimwonyesha. Nilijiona mtu ambaye hata mwanawe wa mwaka na kidogo anakijua cheo chake. Ndivyo nilivyowaza, sidanganyi.

Na nani angenisahihisha? Yaya mwenyewe aliniita Tajiri. "Mpelekee Tajiri kikombe," alimwambia mtoto. "Tajiri amekuja, nenda." Mtoto akawa anakuja mbio, miguu yake inakanyaga vumbi la simiti, ananikumbatia goti. Kwa urefu wake alinifika hapo tu, kwenye goti.

Vumbi hilo ndilo lililoanza kututenganisha. Mtoto alishika kikohozi, kikakaa. Daktari wa zahanati akaniuliza mtoto anashinda wapi, nikamwambia dukani kwangu, nikataka kumweleza ukubwa wa duka, akanikata. "Mtoe hapo," alisema. Wiki ile ile yaya akaniambia mumewe amehamisha ng'ombe kuelekea Chewele, na yeye anamfuata. Nilimwambia nitamwongeza mshahara. Akanitazama kwa huruma. "Tajiri, ni mume wangu," alisema. Sikuwa na bei ya kushindana na hiyo.

Hapo ndipo dada yangu akapiga simu.

Dada anakaa Wenje, kwenye boma lile lile tulilozaliwa, hatua chache kutoka mtoni. Yeye ni mkubwa wangu. Mama akiwa shambani yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, na mpaka leo neno Tajiri halijawahi kutoka kinywani mwake. Ananiita mwana wa mama. Binti yake wa mwisho alikuwa ameposwa.

"Mwana wa mama, harusi ni Jumamosi ya pili kutoka leo. Mjomba akikosa, bibi harusi simtoi."

"Nitakuja. Na ng'ombe nitaleta."

"Ng'ombe nimesikia. Mtoto bado anakohoa?"

"Anakohoa kidogo."

"Kidogo namna gani? Namsikia kutoka huku."

Alikuwa ananikoholea begani, ndiyo. Nikamwambia habari ya daktari na habari ya yaya. Nikasikia kuku wake kwenye simu.

"Huyu wangu akitoka," alisema, "nyumba yangu itabaki na mimi, shemeji yako na redio. Niletee huyo mtoto. Njoo naye harusini, na ukirudi urudi peke yako."

Wanaonijua watakwambia mimi kukataa ni kazi rahisi. Nimekataa wachuuzi, nimekataa wanasiasa. Siku ile nilisema, "Haya." Nikasema haraka, kabla sijajisikia.

Haikuwa mara ya kwanza kumpeleka Wenje. Mwaka uliotangulia tulikwenda Idi, lakini yaya alikuwepo, mtoto alilala mapajani mwake njia nzima, na mimi nikaendesha gari nikidhani hivyo ndivyo watoto wanavyosafiri. Safari hii nilikuwa peke yangu. Sikuogopa. Nimeleta vioo kutoka Mombasa hadi Garsen bila kimoja kupasuka. Mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu angenishinda nini? Nilinunua kiti cha mtoto cha gari, kile cha mikanda, ambacho mjini kwetu sijaona mwingine anacho, nikakifunga kando yangu. Nyuma nikapakia godoro lake dogo, beseni lake, nguo zake zote, poti yake, na bahasha yenye kitabu chake cha kliniki. Nikafunika turubai, nikakaza kamba kama ninavyokaza mzigo wa mabati, fundo juu ya fundo. Tukaondoka baada ya sala ya alfajiri.

Hatukuwa tumefika mbali aliposema, "Anan."

Maziwa yalikuwa nyuma. Yalikuwa chini ya godoro, chini ya turubai, chini ya mafundo yangu. Nikamwambia angoje. Mtoto wa umri ule hajui kungoja ni nini. Alilia mpaka nikasimamisha gari kando ya lami, nikafungua kamba moja moja, nikatoa chupa, nikafunga tena kamba. Akanywa yote. Tukaendelea kidogo, akaniita, "Tajii," kwa sauti ya upole, na kabla sijageuka yote aliyokunywa yakarudi, juu yake, juu ya kiti kipya, juu ya mkono wangu wa kushoto. Nikasimama tena. Nikafungua kamba tena, nguo safi zilikuwa huko huko. Nilimwosha kwa maji ya kunywa, nimechuchumaa kando ya barabara na kofia yangu ya harusi kichwani, na nyani wamekaa upande wa pili wanatutazama kama watu waliolipa kiingilio. Yeye aliwaona akacheka. Hasira zilianza kunipanda, zikaishia hapo.

Kipande kilichofuata kilikuwa kizuri. Alikula biskuti, akanilisha mimi pia, zingine zilianguka. Kila alichokiona alikitaja. Punda. Mtu. Miti, na safari hii ilikuwa miti kweli, si simiti. Nilimjibu kila neno. Nikajiuliza kesho nitakuwa namjibu nani.

Tukafika kizuizi cha polisi. Mimi vizuizi sivijali. Napita njia ile na lori, wengi wananijua. Lakini askari wa siku ile alikuwa mgeni.

"Habari ya safari, mzee."

"Nzuri, afande. Tunaenda harusini Wenje."

"Mama wa mtoto yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo wapi?"

Swali lile halikunipendeza. "Afande, mimi ni mfanyabiashara Garsen, uliza mtu yeyote duka la vifaa vya ujenzi..."

"Sijauliza duka." Akazunguka mpaka dirisha la mtoto, akalegeza sauti. "Mrembo, hujambo? Huyu mzee ni nani wako?"

"Tajii."

"Nani?"

"Tajii," alisema kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemwonea huruma kiziwi.

Askari akanyooka. Akamwita mwenzake aliyekuwa kivulini. "Hebu njoo usikie. Huyu mtoto anasema amebebwa na tajiri yake."

"Tajiri yake wa kazi gani?" mwenzake akauliza. "Hata meno hajamaliza."

"Ndicho nami najiuliza. Mzee, shuka kidogo."

Nilishuka. Nilianza kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Nilipowaambia kwamba ni mwanangu, yule wa kwanza akauliza kwa nini basi haniiti baba. Wakataka kuona mzigo. Mara ya tatu asubuhi ile nikafungua kamba.

"Harusi ya siku moja," askari alisema, "na godoro? Na beseni? Nguo zote hizi?"

"Tunalala."

"Mzee, hii si kulala. Hii ni kuhama."

Nikatoa bahasha. Akafungua kitabu cha kliniki, akasoma jina la baba, akasoma kitambulisho changu, akarudia. Akakuta pia pale nesi alipoandika habari ya mama. Akafunga kitabu taratibu.

"Unampeleka wapi, mzee?"

"Naenda kumwacha kwa dada yangu," nikasema.

Nilikuwa sijayasema maneno hayo kwa sauti. Wafanyakazi niliwaambia naenda harusini, majirani hivyo hivyo. Nikayasema kando ya lami kwa mtu nisiyemjua, nimeshika kamba mkononi. Askari alinisaidia kukaza turubai. Akasema, "Mfundishe aseme baba, mzee. Barabara hii ni ndefu." Akainua mti wa kizuizi, tukapita.

Nilijaribu. Nikaanza pale pale ndani ya gari. "Sema baba."

"Baba," alisema bila taabu.

"Eeh. Baba."

"Baba," akasema tena, na akageukia dirisha amtafute. Kulikuwa na mwanamume anasukuma baiskeli yenye magunia ya makaa. Mtoto akamnyooshea kidole. "Baba," aliniambia, akafurahi kwamba amemwona.

Nikajigonga kifua. "Mimi. Mimi ndiye." Nikasikia aibu, nikatazama kioo kama kuna mtu nyuma. Sijui ni aibu ya nini. Kama mtu anayeomba kitu ambacho hupewi kwa kuomba. Nikaendesha, na yeye akalala, kichwa kimeinama kwenye mkanda.

Wenje walitupokea kwa vigelegele. Ng'ombe nilikuwa nimetanguliza kwa lori, mchele na sukari pia, na shughuli nzima ilikuwa inanukia vitu vyangu. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ilikuwa wazi. Wanawake walimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu kabla sijafunga mlango wa gari. Walimpitisha mkono kwa mkono mpaka nikaona kichwa chake tu, kisha nisione. Mimi nikaketishwa mkekani na wazee, mahali pa heshima, mgongo ukutani. Wakaniuliza biashara. Wakanisifu. Mzee mmoja alisema wazi kwamba kijiji hiki kimetoa mtu mmoja tu, na hakuhitaji kutaja nani. Nikaketi pale nimenyoosha shingo, kanzu inanukia maziwa yaliyoganda. Watu wanaonisifu huwa hawaniulizi kitu kingine.

Sinia za pilau zilikuwa zimewekwa, watu wamekwisha kunawa, mkono wa kwanza umeshuka. Hapo ndipo pakawa kimya kama panavyokuwa watu wakianza kula. Na katika kimya kile nikasikia sauti yake inakuja kutoka upande wa wanawake.

"Tajii. Tajii."

Alikuwa amewatoroka. Alipita katikati ya mikeka, miguu mitupu, analia bila kelele, anasimama mbele ya kila mwanamume, anamtazama usoni, anapita kwa mwingine. Wanaume wote siku ile walivaa kanzu nyeupe na kofia. Nilikuwa nimefanana nao. "Tajii," alimwambia mzee mmoja, akaona si mimi.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtani wangu wa miaka mingi na hajawahi kuiacha nafasi. "Shemeji," alisema, "mfanyakazi wako anakutafuta."

Watu wakacheka.

"Huyu umemwandika lini?" akaendelea. "Ama ndiye msimamizi wa ghala?"

"Muulize kama amepewa ruhusa ya harusi," mwingine akadakia.

"Hapana, yuko zamu. Huoni anavyofuata kazi?"

Nami nilicheka. Ungefanyaje? Nikainuka, nikamwita, akaja akanishika goti, akafuta pua kwenye kanzu yangu. Nikamketisha mapajani nikampa kipande cha nyama. Vicheko vikaisha, watu wakala. Nilipoinua macho nikamwona dada amesimama na sinia nyingine mikononi. Yeye hakuwa amecheka.

Alinikuta alasiri nyuma ya jiko, pale masufuria makubwa yalipokuwa yanasuguliwa kwa mchanga.

"Anakuitaje?"

"Umesikia."

"Nataka kusikia kwako."

Nikatazama masufuria.

"Mwana wa mama, mtoto huyu ana miaka miwili na zaidi."

"Hakuna aliyemfundisha," nikasema. "Dukani wote wananiita hivyo. Ningefanya nini, nijiite mwenyewe?"

Dada akakaa juu ya kinu kilicholazwa. "Hapo umesema kweli," alisema. "Mwanamume hajiiti. Ni mama humwambia mtoto, baba anakuja, mpokee baba, mpelekee baba maji. Mtoto anasikia kila siku, analishika." Akafuta mikono kwenye kanga. "Wewe unadhani ulilijuaje? Baba yetu alikuwa akirudi shamba jioni, mama yuko mtoni, mimi ndiye niliyekugeuza uso nikakuonyesha. Ukawa unasema baba kwa mbuzi, kwa mwalimu, kwa kila mtu. Nikashika kidevu chako nikakigeuza, mpaka ukamjua."

Hilo sikuwa nalijua. Umri wangu huu wote, nikisema hakuna aliyenishika mkono.

"Mwache hapa," alisema. "Nitamfundisha."

"Atamwona nani wa kumwita?"

"Utakuja."

"Nitakuja," nikasema.

Jioni kabla ya jua kuzama bibi harusi alivushwa mto, maana kwa bwana harusi ni ng'ambo. Nilimshika mkono kama mjomba nikamwingiza kwenye mtumbwi, na wanawake waliimba mpaka mtumbwi ukafika upande wa pili. Dada alipiga kigelegele kuliko wote. Alikuja kunyamaza pale mtumbwi uliporudi mtupu, mpiga kasia peke yake. Akamchukua mtoto wangu kutoka mkononi mwangu, akamfunga mgongoni kwa kanga yake ya shughuli, akapanda ukingo kurudi nyumbani bila kunitazama. Mtoto alilaza shavu. Nikafuata nyuma yao, naona kisogo chake.

Asubuhi dada aliniambia, "Usimuage."

"Niondoke kama mwizi?"

"Ukimuaga atalia, na akilia hutaondoka. Nakujua."

Walimketisha kizingitini upande wa mbele, na embe lililomenywa, na watoto wa jirani wamemzunguka. Mimi nikatoka kwa nyuma. Gari nililikuta limegeuzwa kuelekea barabarani. Nikaingia nikashika ufunguo, shemeji akanizuia mkono. "Atausikia mlio," alisema. "Anaujua." Hakutania safari hii. Akaita wanaume watatu, wakalisukuma taratibu kwenye mchanga, wanapumua tu. Mimi ambaye nikiingia kijiji kile hupiga honi kuanzia shuleni, nilitoka nasukumwa kimya, mikono yangu kwenye usukani wa gari lililozimwa. Walinisukuma mpaka migomba ya mwisho. Shemeji akagonga bati la gari mara mbili, polepole, maana yake nenda.

Kiti kilikuwa kando yangu na mikanda yake imefungwa. Biskuti zilikuwa zimesagika kwenye mshono. Kizuizini nilimkuta askari yule yule. Aliinama, akatazama kiti, akanitazama mimi. Akainua mti.

Garsen nilirudi kazini siku hiyo hiyo. Biashara haikupungua, ilizidi, msimu ule watu walijenga sana. Jioni nilikuwa napiga simu Wenje. Dada alimwekea mtoto simu sikioni, nami nikasikia anavyopumua. "Sema na baba," namsikia dada. Anapumua. "Baba huyo, yumo humu." Mara moja nilisikia kitu kinagongwa, dada akaniambia mtoto anaitazama simu kwa nyuma, anatafuta mahali nilipoingilia. Kikohozi sikukisikia. Wiki ya tatu nilijua kimekwisha.

Nilisema nitakwenda kila Ijumaa. Nilikwenda mara mbili, kisha mto ukafurika, maji yakakata njia ya kushukia kijijini, na ilipofunguka ilikuwa karibu na Idi.

Siku ya Idi nilifika na gauni jipya na viatu. Nilivichagua kwa kukumbuka mguu, nikimpimia muuzaji kwa kidole. Boma lilijaa watu. Dada akatoka amemshika mtoto mkono. Alikuwa amenona, amesukwa nywele, amevaa gauni la kanga aliloshonewa hapo hapo, na kabla hajaniona nilimsikia akisema na wenzake kwa Kipokomo, lugha yetu ya nyumbani, kinatiririka, maneno ambayo mimi mwenyewe nayatafuta siku hizi.

Dada akamsukuma kidogo begani.

Mtoto akaja mpaka mbele yangu, akasimama hatua moja mbali nami. Akanyoosha mkono. "Shikamoo, baba," alisema, safi kabisa, hata herufi moja haikupotea. Kisha akageuka kumtazama dada, aone kama amesema sawa.

Wanawake walipiga vigelegele. Shemeji akasema, "Haya, mfanyakazi amepandishwa cheo," na watu wakacheka vizuri. "Marahaba, mwanangu," nikasema. Nikamshika mkono ule mdogo, nikauona una alama ya embe. Alikubali nimkumbatie. Alisimama wima mpaka nikamaliza.

Viatu havikumwingia. Mguu ulikuwa umekua.

Baada ya chakula nilimwita nyuma ya pikapu, peke yetu, nikampa biskuti. Nikachuchumaa. "Mimi nani?" nikamuuliza.

"Baba."

"Na kule dukani, kwenye simiti, walikuwa wananiitaje?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, niliona, biskuti imetulia shavuni. Nikangoja kama mjinga. "Baba," alisema, na kwa kuwa ndilo jibu alilokuwa akisifiwa nalo, alitabasamu. Wenzake wakamwita, akaenda.

Safari hiyo niliaga. Hapakuwa na haja ya kusukuma gari. Niliwasha injini mlangoni, na yeye amesimama mbele ya dada, amejifunika ncha ya kanga yake, akapunga mkono. "Kwaheri, baba." Hakulia. Dada alinitazama juu ya kichwa cha mtoto, na nikaona alitaka niseme asante. Nilisema. Alistahili, alikuwa ametimiza yote aliyoahidi.

Sasa naenda kila njia inapopitika. Ananisimulia habari za mbuzi na za madrasa, na akinitaja kwa wenzake husema baba, na wenzake wanajua ni nani. Kiti nimekitoa kwenye gari, kiko ghalani juu ya masanduku ya vigae.

Na jina langu la mjini ni lile lile. Asubuhi mtu husimama mlangoni dukani, fundi au dereva, mwanga uko nyuma yake, anaita, "Tajiri." Mimi huacha ninachoandika, nikatazama chini kwanza, usawa wa goti. Kisha nainua macho, namuuliza anataka nini.